SAMAWATI NA NILI: ULINGANISHO WA BULUU MBILI KATIKA KUTA ZA NDANI YA NYUMBA

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha rangi mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kwa jina moja la buluu: samawati, yaani buluu nyangavu kama ya mbingu, na nili, yaani buluu iliyokoza inayokaribia weusi. Ulinganisho unafanywa katika uwanja mmoja mahususi, ukuta wa ndani ya nyumba, kwa kuwa hapo ndipo tofauti ya majina inapogeuka kuwa tofauti ya mwanga, usafi na gharama. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kuzitenga rangi hizi mbili. Upungufu umo katika matumizi yetu ya maneno tuliyo nayo.

1.0 Utangulizi

Ichukuliwe kwamba mama mmoja amekamilisha nyumba yake na sasa anazungumza na fundi wa rangi. "Fundi, sebule uipake buluu," asema. "Sawa mama, buluu itaingia," ajibu fundi. Jioni mama anarudi na kukuta sebule imekuwa kama pango. Alichokuwa nacho akilini ni rangi ya mbingu baada ya mvua. Fundi naye alifikiria rangi ya sare za shule. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyekosea sarufi. Wote wawili walitumia neno moja kwa vitu viwili, na neno hilo likamgharimu mmoja pesa na mwingine jina lake la kazi.

Kisa hiki cha kubuni kinaibua swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulikabili. Je, lugha hii ina njia ya kuzitofautisha buluu hizo mbili bila kukimbilia Kiingereza? Wapo wanaodai kwamba haina, na kwamba ndiyo sababu wauzaji wa rangi na wateja wao huishia kutaja majina ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye makopo. Makala haya yanapinga dai hilo. Kwanza yanaeleza nafasi ya rangi katika sarufi ya Kiswahili, kisha yanafuatilia asili ya majina mawili yanayohusika. Baada ya hapo yanazipeleka rangi zenyewe ukutani na kuzilinganisha, na mwishowe yanaonyesha funzo linalopatikana kwa mwalimu na mfasiri.

2.0 Rangi katika sarufi ya Kiswahili

Kiswahili kina mizizi mitatu tu ya vivumishi vya rangi inayochukua viambishi vya upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa ukuta mweupe, kuta nyeupe, chumba cheupe. Mlango mweusi, kitambaa cheusi. Ua jekundu, vyungu vyekundu. Hali kadhalika, tanakali za sauti zinazofundishwa shuleni kwa ajili ya kusisitiza rangi huambatana na tatu hizi: mweupe pe, mweusi ti, mwekundu ndu.

Rangi nyingine nyingi huingia kwa mlango wa pili, yaani kupitia jina la kitu. Kijivu kinatokana na jivu, kahawia na kahawa, kijani na jani. Zambarau na machungwa ni matunda. Waridi ni ua. Rangi hizi aghalabu hutanguliwa na kihusishi cha a-unganifu: ukuta wa kijivu, pazia la zambarau, kuta za samawati. Mzungumzaji anayetaja rangi ya namna hii huwa anamwelekeza msikilizaji kwenye kitu wanachokijua wote wawili, kana kwamba anamwambia atazame kile halafu arudi atazame hiki.

Brent Berlin na Paul Kay, katika kazi yao mashuhuri ya mwaka 1969 kuhusu istilahi za msingi za rangi, walijumuisha Kiswahili miongoni mwa lugha 20 walizozichunguza kwa karibu kupitia wazungumzaji wake. Walidai kwamba lugha za ulimwengu hupata majina ya rangi kwa utaratibu maalumu: nyeupe na nyeusi kwanza, kisha nyekundu, halafu kijani na manjano, ndipo buluu ifuate. Nadharia hiyo imekosolewa na kurekebishwa tangu hapo, lakini sarufi ya Kiswahili inakubaliana nayo katika jambo moja. Rangi tatu za mwanzo katika utaratibu huo ndizo hasa zilizo na mizizi ya vivumishi, ilhali buluu imekuja baadaye na imekuja kwa kukopwa.

Kukopa si aibu. Linalohitaji kuchunguzwa ni kwamba Kiswahili kilikopa buluu zaidi ya mara moja, na kila mkopo ulikuja na maana yake.

3.0 Majina matatu, asili tatu

Neno samawati limetokana na Kiarabu, ambamo samawat ni wingi wa sama, yaani mbingu. Lipo pia umbo samawi, lenye maana ya kitu chenye sifa ya mbingu. Kwa hiyo anayesema samawati ameinua kidole juu. Anataja rangi inayoonekana lakini isiyoshikika, rangi ya mbali iliyojaa mwanga.

Neno nili nalo lilipitia Kiarabu na Kiajemi, na mzizi wake umo katika Kisanskriti, ambamo nila ni rangi ya buluu iliyokolea. Lakini nili haikuwa rangi ya kutazamwa tu. Ilikuwa bidhaa iliyotolewa katika majani ya mnili, ikauzwa masokoni na kutumiwa kutia nguo rangi. Wanawake wengi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki walivaa kaniki, kitambaa cha pamba cha rangi iliyokoza ambacho mmoja angekiita cheusi na mwingine buluu. Utata huo wa kaniki unaonyesha mahali nili ilipo: ni buluu iliyopakana na weusi. Anayesema nili hainui kidole juu. Anakitumbukiza katika chungu cha mtiaji rangi.

La tatu ni buluu, au bluu kama wengine wanavyoliandika, lililotoka katika Kiingereza. Neno hili halionyeshi mbingu wala mmea. Hutaja eneo zima la rangi, kuanzia ile iliyopauka hadi iliyokoza. Hapo ndipo penye manufaa yake na pia udhaifu wake. Ni neno zuri la jumla, lakini mtu anapolitumia peke yake dukani au katika ujenzi huwa hajasema mengi.

Ni kweli kwamba matumizi hayajatulia. Wapo wanaoliita samawati kila lililo buluu, na wapo wanaolitenga kwa buluu nyangavu pekee. Makala haya yanaunga mkono kundi la pili, kwa sababu asili ya neno inalitegemeza, na kwa sababu lugha inayotumia samawati na buluu kama visawe kamili imejipokonya chombo ilichokuwa nacho.

4.0 Rangi mbili ukutani

4.1 Mwanga

Tofauti ya kwanza na iliyo kubwa ni kiasi cha mwanga kinachorudishwa na ukuta. Wataalamu wa rangi hukipima kwa kipimo cha 0 hadi 100, ambapo 0 ni weusi usiorudisha chochote na 100 ni weupe unaorudisha mwanga wote. Samawati iliyochanganywa na nyeupe nyingi huweza kurudisha zaidi ya nusu ya mwanga unaoifikia. Nili iliyokoza aghalabu hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi. Chumba chenye dirisha dogo kikipakwa nili kuta zote nne, taa huenda ikahitajika hata mchana, na gharama ya uamuzi huo italipwa kila mwezi katika bili ya umeme.

Wajenzi wa kale wa pwani walilifahamu jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, vyumba vya ndani hupata mwanga kidogo kwa kuwa viko mbali na ua. Kuta zake zilipigwa lipu nyeupe, na zidaka zikachongwa humo, ili mwanga haba uliofika usipotee. Samawati nyangavu ni jirani wa karibu wa mantiki hiyo. Nili ni kinyume chake.

Vitabu vingi vya mapambo vilivyoandikwa Ulaya huonya kwamba chumba kinachotazama kaskazini kisipakwe buluu kwa sababu mwanga wake ni baridi. Ushauri huo hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi Kenya, nchi inayopitiwa na ikweta. Hapa jua huwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini mwishoni mwa mwaka. Kilicho muhimu zaidi ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki hupata mwanga mkali asubuhi, na samawati hung'aa humo. Chumba cha magharibi hupokea miale ya jioni yenye manjano na wekundu, ambayo huivuta samawati kuelekea kijivu na kuifanya nili ikaribie weusi kabisa. Taa yenye mwanga wa manjano hufanya vivyo hivyo usiku.

4.2 Upana wa chumba

Kuta nyangavu huonekana kurudi nyuma, na chumba kikaonekana kipana. Kuta zilizokoza huonekana kusogea karibu. Kwa hiyo samawati hufaa chumba kidogo cha kulala au ushoroba mwembamba. Hata hivyo, si sahihi kudai kwamba nili haina mahali pake. Ukuta mmoja wa nili katika sebule pana yenye madirisha makubwa huipa sebule hiyo kina na utulivu, na picha au rafu iliyo mbele yake huonekana bayana. Kosa liko katika kuipaka nili mahali palipohitaji samawati.

4.3 Uchafu na mikwaruzo

Katika shule, zahanati na afisi nyingi za umma nchini, ukuta hugawanywa mara mbili. Sehemu ya chini, hadi usawa wa kifua, hupakwa rangi ya mafuta iliyokoza, na mara nyingi ni buluu. Sehemu ya juu hupakwa rangi ya maji iliyo nyangavu. Mpangilio huu una hekima. Chini ndiko mikono, mabega na viti vinakogusa, na rangi ya mafuta huoshwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni bila kuchubuka. Juu ndiko mwanga unakohitajika.

Hata hivyo, imani kwamba rangi iliyokoza huficha uchafu wote si sahihi. Nili huficha alama za vidole vyenye masizi au matope meusi, lakini huanika vumbi, unga wa chaki na mikwaruzo, kwa kuwa hivi vina rangi nyepesi. Samawati hufanya kinyume: huficha vumbi na kuanika mikono michafu. Tena, nili yenye kung'aa huonyesha kila kibonde cha lipu isiyolainishwa vizuri. Anayechagua anapaswa kujiuliza uchafu wa nyumba yake ni wa aina gani kabla ya kuuliza ni rangi ipi iliyo nzuri.

4.4 Utengenezaji na gharama

Samawati ya viwandani huwa na kiasi kikubwa cha unga mweupe wa titani na kiasi kidogo cha buluu. Unga huo mweupe una uwezo mkubwa wa kufunika kilicho chini yake. Nili huwa na weupe mdogo sana, hivyo kufunika kwake mara nyingi huhitaji mkono wa ziada.

Ichukuliwe sebule ya mita 4 kwa 5, yenye kuta za urefu wa mita 2.7. Mzunguko wake ni mita 18, na eneo la kuta ni mita za mraba 48.6. Milango na madirisha yakiondolewa, hubaki takriban mita za mraba 40. Lita moja ikifunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, mikono miwili ya samawati itahitaji lita 8, yaani makopo mawili ya lita 4. Nili ikihitaji mikono mitatu, zitatumika lita 12, yaani makopo matatu. Fauka ya hayo, anayeichoka samawati huifunika kwa urahisi, ilhali anayeichoka nili na kutaka weupe atalazimika kupaka kwanza rangi ya msingi, kisha mikono kadhaa. Mpangaji atakayehama karibuni ana sababu ya kulifikiria hili mara mbili.

4.5 Nili ya kufulia na ukuta wa chokaa

Historia ya buluu za ukutani ina kisa kinachomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa semantiki. Nili ya mmea hufaa nguo zaidi kuliko ukuta. Buluu ya madini iliyong'aa zaidi, ultramarini, ilitokana na jiwe la thamani kutoka Afghanistan na ilikuwa ghali mno, hadi Jean-Baptiste Guimet wa Ufaransa na Christian Gmelin wa Ujerumani walipopata, kila mmoja kwa njia yake, namna ya kuiunda kiwandani katika miaka ya 1826 hadi 1828. Ultramarini ya kiwandani iliposhuka bei, iliingia katika vidonge vya kufulia nguo nyeupe, na vidonge hivyo vikarithi jina la nili japo havikuwa na jani hata moja la mnili. Mwaka 1897 hata nili ya nguo ilianza kuuzwa ikiwa imeundwa kiwandani na kampuni ya BASF ya Ujerumani.

Ultramarini haiharibiwi na chokaa. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za dunia watu waliweza kutia buluu ya kufulia katika ndoo ya chokaa: kidogo ili weupe usionekane wa manjano, zaidi kidogo ili kupata samawati. Buluu ya Prusia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa ukali wa chokaa huivunja na kuifanya ipoteze ubuluu wake. Kwa hivyo buluu mbili zinazofanana kwenye karatasi huweza kutengana kabisa zikifika ukutani.

Funzo la kisemantiki ni bayana. Jina nili lilihama kutoka jani hadi jiwe, na kutoka jiwe hadi kiwanda, bila kupoteza maana yake ya buluu iliyokolea. Jina lililoweza kuhama mara hizo zote linaweza pia kuhamia kwenye kopo la rangi ya ukuta.

5.0 Je, jina hulisaidia jicho?

Huenda msomaji akasema kwamba jicho linaona hata pasipo jina. Ni kweli, lakini upo ushahidi kwamba jina hulinoa jicho. Kirusi hakina neno moja la jumla linalolingana na buluu. Kina siniy kwa iliyokoza na goluboy kwa iliyo nyangavu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Jonathan Winawer na wenzake walibaini kwamba wazungumzaji wa Kirusi walizitofautisha buluu mbili kwa kasi zaidi pale kila moja ilipokuwa na jina lake kuliko pale zote mbili zilipokuwa chini ya jina moja. Wazungumzaji wa Kiingereza hawakuonyesha faida hiyo. Tena, Warusi walipopewa kazi ya kukariri tarakimu kimoyomoyo, faida yao ilitoweka, ishara kwamba lugha ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Tofauti hizo zilikuwa ndogo sana, za sehemu ya sekunde, na hazimaanishi kwamba asiye na neno ni kipofu. Zinaonyesha tu kwamba mwenye majina mawili hufika haraka. Samawati na nili zingeweza kuwa siniy na goluboy za Kiswahili endapo zingetumiwa kwa uthabiti.

6.0 Funzo kwa mwalimu, mfasiri na fundi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, mbali na kuwa lugha ya taifa. Lugha rasmi haiwezi kuishia katika hotuba na mitihani. Lazima iweze kuandika zabuni ya kupaka rangi zahanati na kueleza ni buluu ipi inayotakiwa, ili anayelipa na anayepaka wasomane. Kwa minajili hiyo, mapendekezo manne yanatolewa.

Mosi, neno buluu litumike kama hipernimu, yaani jina la jumla, na samawati na nili ziwe hiponimu zake. Pili, viwango vya katikati vielezwe kwa vitenzi ambavyo tayari vipo: samawati iliyopauka, samawati iliyoiva, nili iliyofifia, nili iliyokoza. Tatu, mwalimu afundishe rangi kwa vitu halisi na si kwa orodha ya tafsiri. Mwanafunzi aliyeonyeshwa mbingu ya saa nne asubuhi hatasahau samawati. Nne, mfasiri wa orodha za rangi azingatie kitu kinachotajwa badala ya kubandika kiambishi kwenye neno la Kiingereza.

Fundi naye ana wajibu. Kabla ya kufungua kopo, apake kipande cha kadibodi mikono miwili, akiache kikauke kabisa, kisha mwenye nyumba akitazame asubuhi, adhuhuri na usiku taa ikiwaka. Rangi ya maji aghalabu hukoza kidogo inapokauka, ilhali chokaa hufanya kinyume na kuwa nyeupe zaidi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hapa inafaa aambiwe atazame lini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba samawati na nili si majina mawili ya rangi moja. Zinatofautiana kwa asili, moja ikiwa imetoka mbinguni na nyingine katika chungu cha mtiaji rangi, na zinatofautiana kwa utendaji ukutani. Samawati hufaa mahali penye mwanga haba, nafasi ndogo na bajeti finyu. Nili hufaa mahali penye mwanga tele, ukuta uliolainishwa vyema na mtu aliye tayari kulipia mkono wa tatu. Kiswahili kimekuwa na maneno haya yote mawili kwa muda mrefu. Kinachosalia ni wasomi na wazungumzaji wake kuyatoa kabatini na kuyatumia, kila moja mahali pake.

Maswali ya mjadala

1. Taja rangi tano za Kiswahili ambazo majina yake yanatokana na vitu, kisha ueleze jinsi kila kitu kinavyobainisha maana ya rangi hiyo.
2. Je, samawati na buluu ni visawe? Jadili kwa kuzingatia matumizi katika eneo unalotoka.
3. Andika maelezo ya aya moja yatakayomwezesha fundi kupaka maktaba ya shule rangi mbili za buluu bila kuuliza swali lolote.